Naweza kuruka kutoka Loleza?

Katika toleo lililopita nilidokeza, kwa mistari mitatu tu, kwamba kabla ya kurudi nyumbani Mbeya niliishi miaka kumi na moja kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, nikifanya kazi ya uuguzi, na kwamba siku zangu za mapumziko zilikuwa zinaishia angani, nikining'inia chini ya bawa lisilo na injini. Mistari hiyo imeleta barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika hapa kuhusu presha na kisukari. Nazijibu leo. Ile ya mama wa Iringa nimeipa nafasi kubwa, kwa kuwa ndani yake kuna uhai wa mtoto.

Shikamoo Mama. Ninasoma kidato cha tano hapa Uyole. Nimeona kwenye simu ya kaka yangu mtu amening'inia chini ya bawa kubwa, anapita juu ya vilima vya kijani, bahari iko pembeni, na hana injini. Alikaa juu zaidi ya nusu saa. Kwa nini haanguki? Na je, mimi naweza kuruka hivyo kutoka mlima Loleza?

Marahaba, mwanangu. Anaanguka. Hilo ndilo la kwanza kulishika. Glaida, yaani bawa hilo lisilo na injini, inaanguka muda wote, ila inaanguka huku ikiteleza kwenda mbele, kama watoto wanavyoteleza na gogo la mgomba mteremkoni. Hewa ikiwa imetulia, bawa la mwanafunzi linashuka kama mita moja kwa kila sekunde, na kwa kila mita linayoshuka linakwenda mbele mita nane hadi kumi. Ukianzia kilima cha mita 200 utakuwa chini baada ya dakika tatu hivi.

Sasa ile nusu saa inatoka wapi? Inatoka kwa upepo. Kisiwa cha Wight ni kidogo, kilomita 37 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, na katikati yake umepita mgongo wa vilima vya chokaa vilivyofunikwa majani mafupi ya malisho. Kilima kirefu kuliko vyote, St Boniface Down, kina mita 241 tu. Loleza kina mita 2,656 kutoka usawa wa bahari, na jiji la Mbeya lililo miguuni pake lenyewe liko kwenye 1,700 hivi. Ukilinganisha, vile vya kisiwani ni vichuguu. Lakini upepo wa kusini-magharibi unafika pale ukiwa umetoka baharini bila kugusa mti wala nyumba. Unakuja umenyooka. Ukigonga ule mteremko hauwezi kuupenya, kwa hiyo unapanda. Hewa ikipanda mita mbili kwa sekunde na wewe unashuka moja, umepata mita moja ya faida. Unachofanya ni kwenda na kurudi sambamba na kilima, kama mtu anayepiga deki baraza refu, bila kutoka kwenye ule ukanda unaopanda. Siku njema nilikaa juu kwa muda wa saa mbili. Kondoo walikuwa chini yangu, kivuli cha bawa kikiwapita migongoni, na walikuwa hawainui hata vichwa.

Njia ya pili ya kubaki juu unaiona wewe mwenyewe kila siku ya kiangazi. Saa tano asubuhi, jua likishachoma mabati ya Mwanjelwa, mtazame mwewe. Anazunguka, anazunguka, hapigi bawa hata mara moja, na kila mzunguko unamwacha juu zaidi. Amepata nguzo ya hewa ya moto inayopanda. Vile visulisuli vya vumbi vya Usangu mwezi wa Septemba ni mizizi ya nguzo hizo hizo. Rubani anazitafuta kama mwewe anavyozitafuta, na ndizo zilizowabeba watu mbali kuliko kitu kingine: mwaka 2012 Mmarekani Dustin Martin alipaa Texas asubuhi na kutua jioni akiwa amekwenda kilomita 764. Hiyo inapita umbali wa barabara kutoka hapa hadi Chalinze, bila tone la petroli.

Kuhusu Loleza jibu langu ni hapana, na nakuomba unisikilize sababu.

Bawa linabebwa na hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 2,500 uzito wake umepungua kama asilimia 22 ukilinganisha na ya pwani. Bawa lile lile litataka mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia 13 hivi ndipo likubebe. Linalonyanyuka kwa kilomita 30 kwa saa ufukweni litataka 34 huku kwetu. Kama usoni una upepo wa kilomita 15, ufukweni miguu yako inatafuta 15 zilizobaki, hapa inatafuta 19, na mabegani una kilo 25 za bawa, chini ni mawe na nyasi zenye umande. Kutua ni vivyo hivyo. Ardhi inakujia haraka kuliko macho yalivyozoea.

Halafu kuna upande wa nyuma wa mlima. Upepo uliopanda mbele lazima ushuke nyuma, na ukishuka unajikunja. Siku ukienda Kiwira, pale Daraja la Mungu, angalia maji yanavyojiviringisha nyuma ya mwamba. Hewa inafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba huioni. Safu yetu ina makorongo na mabega kila mahali, na upepo wake unageuka ndani ya saa moja. Mahali palipokuwa mbele asubuhi panakuwa nyuma mchana. Na chini ya Loleza utatua wapi? Ni nyumba, nyaya za umeme na barabara yenye malori ya Tunduma.

Tena anga lina mwenyewe. Tangu mwaka 2012 tuna uwanja wa ndege wa Songwe, ndege zinapita juu yetu zikipanda na kushuka, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia humo kwa kujiamulia. Ni lazima kwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kupewa kibali.

Nikwambie jambo, mwanangu. Bawa langu ninalo. Lilikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, likapanda lori, sasa limelala kwenye mfuko wake mrefu chini ya kenchi za nyumba yangu Iwambi. Nina miaka kumi na moja ya kuruka. Bado sijaruka hapa hata mara moja. Kiangazi cha kwanza nilikitumia kutazama upepo, na hiki cha pili ninakitumia kutazama upepo. Ukitaka kazi ya kuanzia, chukua fito tatu, funga utepe mwepesi kwenye ncha ya kila moja, zisimike chini, katikati na juu ya kilima kimoja cha nyasi. Andika utepe unaelekea wapi saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi. Fanya hivyo mwezi mzima, kisha uniletee daftari.

Kamwene. Nina watoto wanne, ninaishi Kihesa, Iringa. Kijana wangu wa miaka 16 amekata mianzi ya ulanzi ya babu yake, ameifunga kwa mpira wa baiskeli na kuivika turubai la bluu. Anasema Jumapili atapanda jiwe la Gangilonga aruke. Nimemchapa, baba yake amemgombeza, na bado kila jioni yuko uani anafunga na kufungua. Nifanye nini?

Kamwene, mama mwenzangu. La haraka kwanza: Jumapili hiyo asiende, hata ikibidi ulale na turubai chumbani kwako. Nimelijibu kwa barua ya mkono pia ili lisisubiri gazeti. Ila mianzi usiichome. Mtoto aliyechomewa mianzi atakwenda kukata mingine na kuificha mahali usipopajua.

Mwite ukae naye, umweleze kwa nini Gangilonga ni kifo. Bawa halibebi kitu mpaka lipate mwendo. Mwendo unatoka kwenye kukimbia mteremkoni, uso ukiwa kwenye upepo. Anayejirusha kutoka juu ya jiwe hana mwendo wowote, kwa hiyo bawa litaangusha pua na kumpeleka chini moja kwa moja, na chini pale ni mawe. Hata lingekuwa bawa la kiwandani.

Kisha msimulie habari ya Otto Lilienthal. Alikuwa fundi wa Ujerumani. Mwaka 1891 alianza na miruko midogo midogo tu, na mabawa aliyoyajenga kwa fito za miti na kitambaa cha pamba. Alijifunza kwa kutazama ndege, hasa korongo. Mwaka 1894 alijijengea kilima chake mwenyewe karibu na Berlin, cha mita 15, na alikijenga kikiwa duara. Mwulize kijana: kwa nini duara? Mwache afikiri, usimpe jibu. Ni ili upepo utoke upande wowote, yeye ashuke akiwa ameuelekea. Mtu huyo aliruka kama mara elfu mbili. Na tarehe 9 Agosti 1896 bawa liliinua pua, likasimama hewani, likaanguka naye kutoka mita 15 hivi, akavunjika uti wa mgongo. Alifariki kesho yake. Alikuwa na miaka 48, na wakati ule alijua mambo ya mabawa kuliko karibu kila mtu duniani.

Alichokosa ni njia ya kuuhamisha uzito wake vya kutosha. Alikuwa anajishika kwa mikono, miguu ikining'inia, na anachoweza kuchezesha ni kiuno na miguu tu. Ilichukua miaka mingi mpaka John Dickenson, kule Grafton, Australia, mwaka 1963, akalifungia bawa la kitambaa fremu ya pembetatu, na rubani akaning'inia kwa mkanda katikati kama pendulamu ya saa ya ukutani. Umbo la bawa lenyewe lilitokana na kazi ya Mmarekani Francis Rogallo. Ukivuta fremu, mwili mzima unakwenda mbele, pua inashuka, mwendo unaongezeka. Ukisukuma, pua inapanda. Kwa ufundi huo tunaruka hadi leo.

Kuhusu mianzi yake: mwanzi ni mgumu, sina ubishi. Ila hakuna miwili inayolingana. Kila fundo lina nguvu yake, na ukikauka unapasuka kwa ndani bila kuonyesha nje. Mabawa yetu ni ya mabomba ya alumini na kitambaa kisichovutika, na kabla aina fulani haijauzwa, moja lake hufungwa juu ya gari likakimbizwa mpaka ijulikane linavumilia mzigo gani. Turubai likishika upepo linavimba na kulegea. Umbo lililokuwa asubuhi sio litakalokuwa hewani.

Sasa mpe kazi. Atafute kitambaa cha mwavuli mbovu na mianzi membamba kama njiti za mishikaki, atengeneze bawa la urefu wa mkono wake. Chini yake, katikati, afunge kijiwe kwa uzi. Alirushe taratibu kwenye uwanja wa mpira jioni, wakati hakuna upepo. Kijiwe kikiwa mbele mno, litazama kwa pua. Akikirudisha nyuma upana wa kidole kimoja, litateleza. Akirudisha vidole viwili zaidi, litainua pua, litasimama, litaanguka, na hapo atakuwa ameona kwa macho yake kilichomuua Lilienthal. Nilikaa na kijiwe changu wiki mbili kabla mwalimu hajaniruhusu kugusa bawa la kweli. Akishaweza kukueleza wewe, mama yake, kwa nini upana wa kidole kimoja unatosha kuua, niandikie. Nitakuja Iringa niongee naye.

Nina miaka 52, nipo Makambako. Nimechelewa?

Hapana. Mimi nilianza nikiwa na 41. Magoti yako yakikuruhusu kukimbia hatua ishirini mteremkoni na mzigo begani, umri si tatizo. Nenda upime presha kwanza.

Dada, na mimi ni muuguzi, Tukuyu. Uliwahi kuogopa?

Kuogopa kwa kawaida, kila mara. Lakini unaniuliza kile kingine.

Mwaka wangu wa tatu, juu ya kilima kinachoitazama bahari upande wa magharibi wa kisiwa. Upepo mzuri, jua, watu watatu wamekwisharuka. Nikavaa hanesi, yaani ule mfuko wa mikanda unaolala ndani yake, nikajifunga kwenye bawa, nikafanya ukaguzi unaofanywa na kila rubani: mwenzako anashika pua ya bawa, wewe unalala ndani ya hanesi ukining'inia, mnaangalia kama mikanda iko sawa na mwili hauko juu wala chini mno. Ilikuwa sawa. Nikakumbuka glavu nimeziacha kwenye begi. Nikajifungua, nikazifuata, nikarudi, nikafunga kofia, nikanyanyua bawa mabegani.

Nikashusha pumzi kwa ajili ya hatua ya kwanza. Yule mwenzangu akapiga kelele moja tu: "Simama!" Nikasimama. Akaja nyuma yangu, akashika kitu kwenye usawa wa magoti, akakileta mbele nikione. Ilikuwa karabina yangu, ile kulabu ya chuma yenye mlango wa skrubu, pana kama kiganja cha mtoto. Ilikuwa wazi. Haikushika kitu. Ningekimbia hatua nne, bawa lingeondoka, na mimi ningekuwa nimelishikilia kwa mikono tu, na chini ya ule mteremko ni jabali na mawimbi.

Wewe ni muuguzi, unajua. Ni kama ile sindano uliyokwisha kuihakiki, ukaitwa kitanda cha pili, ukarudi ukiamini bado umehakiki. Tangu siku ile sihesabu ukaguzi wa dakika mbili zilizopita. Kabla ya hatua ya kwanza ninanyanyua bawa juu mpaka nisikie mikanda inanivuta mapajani. Isiponivuta, sitoki. Nimefanya hivyo mamia ya mara, na mwili umeshazoea kiasi kwamba hata nikiota ninaruka, ndotoni nausikia ule mvuto kwanza.

Ulipouliza nimekumbuka pia kwamba siku hiyo hiyo niliruka. Nilikaa chini nusu saa, nikanywa chai, nikaanza upya kila kitu tangu mwanzo. Sitaki ufikiri nilikuwa jasiri. Nilijua nikiteremka kwa miguu siku ile sitarudi tena.

Ni mkulima wa viazi, Isongole. Kuna mama mmoja anapanda kilima kilicho juu ya shamba langu kila Jumamosi, anasimika fito zenye utepe mwekundu na kuandika kwenye daftari. Kijijini wanasema ni mpimaji, ardhi inauzwa. Jirani yangu amesoma gazeti lenu akasema ni wewe. Kama ni wewe, unatafuta nini?

Baba, shikamoo. Ni mimi, na naomba radhi. Kosa ni langu kabisa. Nilipita kwa mwenyekiti wa kijiji siku ya kwanza, nikaeleza, nikaandika jina, nikaona inatosha. Sikufika kwako, na wewe ndiye unayelala na kuamka chini ya kile kilima. Ardhi haiuzwi. Sipimi mpaka, wala hakuna mtu aliyenituma. Fito ni za kunionyesha upepo.

Kule kisiwani vilima karibu vyote vina wenyewe, wafugaji. Tuliruka kwa hisani yao. Tulikuwa na masharti tuliyoyajua kama sala: geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ukitua kwenye malisho ondoka kwa kufuata ukingo wa ua, na kondoo wakikaribia kuzaa, mwanzoni mwa masika yao, hakuna kuruka kwenye kilima hicho hata upepo uwe mzuri namna gani, maana kivuli cha bawa kinaweza kumkimbiza mwenye mimba. Mara moja mwenzetu mmoja alitua kwenye ngano iliyokomaa, akaiburuzia bawa mita thelathini. Mwenye shamba alitufungia kilima mwaka mzima. Tulimwona ana haki. Tulimlipa, tukaenda kumsaidia kujenga ua, na mwaka ulipokwisha alitufungulia mwenyewe.

Kilima chako nimekipenda kwa sababu ni cha nyasi, hakina nyaya, na uso wake unatazama upande ambao upepo wa kiangazi unatokea asubuhi nyingi nilizozihesabu: kati ya Jumamosi kumi na nne, kumi na moja. Ombi la kibali nimekwisha kulipeleka. Kikija, sitaanzia juu. Nitaanzia robo ya kilima, pale penye mti mmoja wa mwembe ulioinama, miruko ya sekunde chache, miguu ikiwa karibu na ardhi, kama mwanafunzi. Na mahali pa kutua panapofaa, baba, ni shamba lako lile la chini, la tambarare, kati ya kijito na njia ya punda.

Jumamosi hii sitapanda na fito. Nitakuja nyumbani kwako kwanza, na daftari, uone mwenyewe nilichokuwa naandika. Ukisema hapana, nitang'oa fito zangu na kutafuta kilima kingine. Ukikubali, nina swali moja tu: viazi vya shamba la chini unavivuna lini?